Korona, levo siti na ndoo ya yule mama

Mhariri, swali lenu la wiki lilisema: "Je, korona ilibadilisha namna unavyokwenda kazini?" Halafu chini mkatupangia ya kuchagua: daladala, mwendokasi, bodaboda, gari binafsi, kwa miguu. Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo. Hapa Dar es Salaam, mtu anayekaa Mbagala Kizuiani na kazi yake iko Kariakoo hachagui usafiri, anapanda kilichosimama. Jibu langu ni hapana, na nilitaka niishie hapo. Lakini mmenikumbusha jioni moja ya Aprili 2020, na tangu juzi inanizunguka kichwani, basi acha niitoe.

Mnakumbuka mambo yalivyoanza. Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Sisi wakubwa hatukufungiwa ndani. Kariakoo iliendelea, na duka letu la vitenge liliendelea, tofauti ni ile ndoo ya maji mlangoni na sabuni ya maji kwenye chupa ya soda. Kwenye daladala ikaja levo siti: abiria wote wakae, asiwepo wa kusimama. Nauli haikuguswa.

Hapo kwenye nauli ndipo penye kisa chote, sijui kwa nini watu hawapasemi. Konda anadaiwa hesabu ya bosi kila jioni, na hesabu ile hupangwa kwa gari iliyojaa mpaka mlangoni. Ukimwambia abebe waliokaa tu, kwa nauli ile ile, umemwambia atoe mfukoni. Binamu yangu wa Mombasa alinisimulia kwamba kwao matatu ya watu 14 iliamriwa kubeba 8, nauli ikapanda, watu wakalia. Kwetu tulilia kwa kukaa kituoni.

Niseme ukweli lakini, siku za mwanzo levo siti ilikuwa raha. Wanafunzi hawapo, wenye uwezo wamejifungia makwao, trafiki wamekaza. Nimefanya kazi Kariakoo tangu 2013, na ile ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka kituo cha Gerezani, pale Kariakoo, jioni nimekaa mpaka Kizuiani. Nikawa naangalia nje kama mgeni. Kumbe ukiwa umesimama, Kilwa Road unaijua kwa kona na matuta tu.

Sasa hiyo jioni. Masika yalikuwa yamechachamaa. Nilifika kituoni Gerezani kwenye saa kumi na moja, na watu walikuwa wengi kama sikukuu, wamejibana chini ya miamvuli na mifuko ya salfeti. Gari ikija, konda anaachia mlango nusu, anahesabu vichwa kama anagawa pilau ya msibani, anabamiza. Nne ziliondoka hivyo. Ya tano, kijana mmoja muuza chaja alinisukuma mgongoni, sijui kwa kunisaidia au kwa kunipita, nikajikuta ndani, kiti cha pili kutoka mlangoni, upande wa njia. Nikakaa, nikapandisha barakoa yangu ya kitenge, nikamshukuru Mungu.

Viti vilipojaa konda akachungulia huku na huku, akaona giza na mvua, akasema, "Haya ingieni, ila Uhasibu kuna trafiki. Nikisema chini, wote chini."

Wakaingia. Nilihesabu kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa mama mtu mzima, wa kumwita bibi, kajitanda khanga imelowa, barakoa iko kidevuni, na ndoo ile nyeupe iliyokuwa ya rangi, ina samaki wa soko la Feri na mfuniko haufungi vizuri. Akasimama hapo hapo ubavuni kwangu. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, nipakatie."

Kama hujawahi kupanda daladala za mji huu huwezi kujua uzito wa neno hilo. Aliyekaa anampakatia aliyesimama, hiyo haina mjadala. Mkoba, mfuko wa mchele, kuku aliyefungwa miguu. Mwanangu wa kwanza akiwa na miezi minane niliwahi kumpitisha juu ya vichwa vya watu mpaka kwa baba mmoja nisiyemjua, akalala kwenye tai yake kutoka Bendera Tatu hadi Misheni, na yule baba hakuthubutu hata kukohoa asije akamwamsha.

Nilimsikia. Nikageuza uso nikaangalia dirishani, ambako hakukuwa na cha kuangalia, maana madirisha yalifungwa kwa mvua na vioo vimejaa ukungu. Dada wa pembeni yangu naye alikuwa anaangalia huko huko. Mama akangoja kidogo, akaiweka ndoo chini katikati ya miguu yake.

Nyuma kulikuwa na mzee anafoka, "Fungueni madirisha! Wizara imesema hewa ipite!" Kijana akamjibu, "Mzee, mvua hii wizara italowana na nani?" Watu wakacheka ndani ya barakoa zao, yaani kile kicheko cha kupumuliana ambacho wizara ilikuwa inakikataza.

Tulipokaribia Uhasibu konda akagonga bodi: "Chini! Chini! Chuchumaeni!" Kumi na mmoja wakashuka kwa mpigo kama wanarukuu. Mama yule akachuchumaa, na kwa vile nafasi ilikuwa finyu, paji la uso wake likaja likaegemea goti langu. Nilihisi pumzi yake ikipita kwenye kitambaa cha sketi. Nilinusa samaki na kile kitakasa mikono kikali cha kupima, vyote pamoja. Nikabana miguu nikaivuta pembeni, na kichwa chake kikabaki hewani.

Trafiki akaja na tochi, akamulika kioo chenye ukungu, akaona vichwa vimelingana, akapunga mkono. Levo siti safi.

"Simameni wazee wangu," konda akasema. Wakasimama kumi. Mama hakuweza, magoti yalikuwa yamekataa. Alibaki pale chini ameshika mdomo wa ndoo mpaka Mtoni kwa Azizi Ali, ndipo yule muuza chaja akamtia mikono kwapani akamwinua. "Asante mjukuu wangu," akasema. Mimi hakuniambia kitu, wala hakunitazama vibaya, na nadhani angenitazama vibaya ningekuwa nimeshasahau. Niliposhuka Kizuiani ndipo akapata kiti changu.

Ninajitetea, na utetezi wangu una maana. Nyumbani nilikuwa na mama mkwe mwenye pumu, na tuliishi kwa kuhesabu kila mtu aliyepiga chafya. Mwisho wa mwezi ule ule ilitangazwa kwamba wagonjwa wamefika 480. Mtu mwenye hofu hiyo ana haki ya kutopakata ndoo ya mtu. Bado naamini hivyo, ingawa nikiandika hapa naona nimeshaieleza hofu yangu kwa maneno mengi kuliko alivyoeleza yeye shida yake.

Levo siti ililegea. Vyuo vikafunguliwa tarehe 1 Juni, shule tarehe 29, wanafunzi wakarudi kusukumwa mlangoni, na sisi tukarudi kubanana. Kaka yangu alihamia bodaboda kwa sababu "ina upepo", na mwezi haukuisha nikamwona kapakizwa mshikaki, katikati ya dereva na abiria mwingine. Kwa hiyo kama mnauliza juu ya watu wa Mbagala kwa jumla, hapana yangu iko pale pale.

Mimi peke yangu ndipo pananiwia vigumu. Tangu mwaka ule nageuza nalo. Asubuhi navuka barabara, napanda gari inayokwenda Rangi Tatu badala ya inayokwenda mjini, nalipa 600 ya bure, nachukua kiti cha dirishani, na gari ikigeuza nimekaa. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 15,600 kila mwezi. Mume wangu anaiita kodi ya kiti. Kabla ya korona nilikuwa nawacheka wanaogeuza nalo, nawaona wana pesa za kuchezea. Siku hizi nikikosa dirisha nashuka nasubiri nyingine.

Inawezekana ni umri, nimefika arobaini na moja na kiuno kinadai chake. Inawezekana pia ni kwa vile mshahara uliongezeka kidogo. Lakini mkinibana niweke alama, basi wekeni kwenye "ndiyo", na ile hapana ya juu muiache vile vile msiifute, maana nayo niliiandika nikiwa na akili zangu.

Kupakatiana kulirudi haraka, kabla hata barakoa hazijaisha usoni. Nami nilirudi. Mkoba napokea, begi la mwanafunzi napokea, wiki iliyopita nimepakata mtoto mpaka akanikojolea. Ndoo sijaombwa tena.

Msomaji wenu,
Mbagala Kizuiani