Megabaiti Si Bidhaa: Kwa Wageni wa Timu ya Data, Kisumu

Wadogo zangu, mapendekezo yenu ya huduma mpya za data, hasa za vifaa vyenye laini ndani, nimeyasoma yote. Michoro imenyooka, lugha ni safi, na karibu kila moja linaanza vilevile: tutampa mteja kifurushi cha megabaiti kadhaa kwa mwezi, kisha tutaangalia. Hivyo ndivyo tulivyoandika sisi pia tulipoingia kazini. Tuliangalia, na tulichokiona nitawaeleza kwenye namba 4, maana sitaki wateja wetu walipie somo lilelile mara mbili.

1. Mnachouza ni kule kuwa hewani.

Kwenye saketi, yaani njia iliyotengwa kwa mtu mmoja kama simu ya sauti, mteja alilipia muda wa kushikilia laini, aongee asiongee. Ni kama kukodi matatu nzima kutoka Kisumu hadi Busia ukiwa na kikapu kimoja cha omena. Pakiti, yaani data iliyokatwa vipande vidogo vinavyogawana njia, zilibadilisha hapo tu: kifaa kinakaa hewani, kimeunganishwa na mtandao kutwa kucha, na kinacholipiwa ni kile kilichopita. Kampuni za simu zilizolielewa hilo mapema zilipata biashara ambazo hazikuwepo. Zisizolielewa zilibaki kuuza dakika kwa jina jipya.

Tazameni mwaka 1999. Ulaya walileta WAP, kurasa za intaneti za kusomea kwenye simu, juu ya saketi, mteja akawa anasubiri ukurasa ufunguke huku dakika zinahesabiwa, na watu wakakata tamaa. Japani, mwezi Februari mwaka huohuo, kampuni ya simu ya NTT DoCoMo walizindua i-mode, intaneti yao ya simu, juu ya pakiti. Walitoza kwa pakiti za baiti 128, na simu ilikuwa hewani muda wote. Jambo kubwa zaidi ni hili: wenye tovuti waliruhusiwa kumtoza mteja kupitia bili ya simu, na DoCoMo wakabaki na asilimia 9 ya ada hiyo. Someni tena sentensi hiyo. Kampuni ya simu iliuza uwezo wake wa kuhesabu na kukusanya pesa ndogo ndogo kutoka kwa watu wengi. Hakuna mwenye tovuti ambaye angeweza kufanya hivyo peke yake.

Huku kwetu mfano mnao majumbani. M-KOPA walianza kuuza sola kwa mkopo mwaka 2012: kifaa kina laini ndani, mteja analipa kidogo kidogo kwa M-PESA, na asipolipa taa zinafungwa kwa mbali. Data inayopita ni ndogo mno. Ukiiuza kwa bei ya megabaiti hutapata hata nauli ya kwenda Kondele. Lakini biashara nzima ya mkopo huo imesimama juu ya hiyo laini kuwa hewani. Basi pendekezo lianze na swali hili: mteja anapoteza nini kifaa chake kikinyamaza? Bei itokane na jibu.

2. Jueni kipi kinapita wapi.

Mmoja wenu ameandika kwamba kijiji fulani kina data ya kutosha kwa sababu kila mtu anatumia M-PESA. Hapana, mdogo wangu. M-PESA ilipoanza Machi 2007 ilipita kwenye menyu ya laini na ujumbe mfupi. USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na alama ya reli, nayo inapita njia ya ishara ambayo mtandao hutumia kuratibu simu, haigusi pakiti. Ndiyo maana simu ndogo ya kabambe inatuma pesa mahali ambapo rauta yako inazunguka tu bila kupata kitu.

Na kwenye 2G, data na sauti zinagawana chaneli moja yenye vipande nane vya muda, sauti ikipewa nafasi ya kwanza. Nenda ukapime soko la Luanda likiwa limejaa, watu wote wanapiga simu kuulizana bei, uone vipande vinavyobakia kwa mashine yako ya kadi. Vipimo vya kasi vilivyochukuliwa alfajiri msiniletee tena.

3. Kifaa hakilali, kwa hiyo pigeni hesabu yake kwa baiti.

Mtu akiishiwa na kifurushi hukasirika, ananunua kingine. Kifaa kinanyamaza, na hakuna anayejua mpaka mteja apige simu. Hesabu iliyokosekana kwenye mapendekezo yenu ni hii. Kifaa kinachobisha hodi kwa seva kila sekunde 30 ili kikao, yaani muunganisho wake, kisikatwe hutumia baiti kama 80 kila kinapobisha, kwenda na kurudi, hata kama hakina la kusema. Kwa siku kinabisha mara 2,880. Hiyo ni baiti 230,400 kwa siku, karibu megabaiti 7 kwa mwezi. Mliandika kifurushi cha megabaiti 5. Kifaa kitakimaliza mwezi ukiwa katika wiki ya nne, bila kutuma kipimo hata kimoja.

Kisha muulize kitengo cha bili wanapandisha vipi hesabu ya data. Ikiwa kila kikao kinapandishwa hadi kilobaiti 10, kifaa kinachofungua kikao kipya kila dakika 15 kutuma baiti 200 kitatozwa kilobaiti 960 kwa siku, wakati kimetuma chini ya 20. Kikao kimoja kikiachwa wazi, tofauti hiyo inakwisha. Uamuzi huo hufanywa na anayeandika programu ya kifaa, mara nyingi kijana ambaye hajawahi kuona bili, na ni wajibu wenu kumwonyesha.

4. Zimeni vyote kwa pamoja.

Hapa nitakaa, kwa sababu hili bado linaniuma.

Tulikuwa na mteja wa matangi ya kupozea maziwa, vituo vilivyotawanyika kuanzia Nandi na Kakamega hadi Trans Nzoia. Kila tangi lilikuwa na kipimajoto chenye laini, APN ya faragha (mlango wake wenyewe wa kuingilia mtandao wa data), na seva ya RADIUS, ile inayokubali au kukataa kifaa na kukigawia anwani, iliyokaa kwenye chumba kimoja mjini hapa Kisumu. Kazi ilikuwa nyepesi kueleza: maziwa yakae kwenye nyuzi 4, joto likipanda meneja wa kituo aamshwe kwa ujumbe. Vifaa 180. Seva ilikuwa na anwani za IP 254 za kugawa, na bila anwani kifaa hakiwezi kutuma kitu. Tukaona nafasi ipo tele.

Majaribio tuliyafanya kwa uangalifu, hilo siwezi kulikana. Tulizima kifaa kimoja, tukakiwasha, kikarudi hewani. Tukazima kingine, kikarudi. Tulifanya hivyo kituo baada ya kituo, tukajaza fomu, nami nikatia sahihi pamoja na wenzangu.

Kisha jioni moja stima ikapotea Magharibi yote. Vifaa vikazimika bila kuaga. Mtandao ulipogundua kimya chao ukafunga vikao, ukatuma taarifa kwa seva yetu kwamba anwani hizi sasa ziko huru. Seva haikuwepo kupokea. Betri yake ya akiba ilikuwa imekwisha, nayo imezimika gizani kama wengine.

Stima iliporudi usiku, seva iliamka na orodha yake ya zamani, ikaamini anwani 180 bado zina wenyewe. Zilizobaki zilikuwa 74. Vifaa 74 vya kwanza vikaingia. Vifaa 106 vikakataliwa, na kwa kuwa programu yake iliandikwa kujaribu tena kila sekunde 10, vikaanza kugonga mlango: maombi zaidi ya 600 kila dakika, usiku kucha. Seva ikazidiwa, hata walioingia wakaanza kudondoka. Kutoka kwenye skrini ya ofisini kila kitu kilionekana kama hitilafu ya kawaida baada ya stima kurudi, ile inayojimaliza yenyewe. Tukaiacha ijimalize.

Kwenye kituo kimoja upande wa Nandi, swichi ya kompresa ilikuwa imeruka stima iliporudi. Taa ziliwaka, kipimajoto kiliwaka, lakini tangi halikupoa. Kipimajoto kiliona kila kitu. Kiliona nyuzi 6, kikaona 9, kikaona 13, kikawa kinaandika ujumbe wa kumwamsha meneja na hakina anwani ya kuutumia. Kilikuwa miongoni mwa wale 106.

Tulifika asubuhi. Ukifungua kifuniko cha tangi ambalo maziwa yameharibika, harufu inakupiga kabla hujaona kitu. Wakulima walikuwa wameshaanza kufika na mitungi ya asubuhi, wengine kwa boda, wengine kwa punda, na hapakuwa na pa kumimina. Mama aliyesimamia kituo hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hii mashine si mlisema itaniamsha?" Alikuwa amelala mita chache kutoka kwenye tangi, simu iko kando ya mto wake, sauti ameiweka juu kabisa kama tulivyomfundisha. Maziwa ya jana yake yalikuwa ya watu wa kijiji kizima, na mwisho wa mwezi kila mmoja wao alihesabiwa pungufu.

Ripoti ya baadaye ililaumu stima. Stima huku hupotea. Tulijua hivyo tangu siku ya kwanza. Kosa lilikuwa letu sisi tuliotia sahihi. Tulijaribu vifaa kimoja kimoja, wakati maisha yake halisi ni kuzimika na kuwaka kwa pamoja. Tuliuza kuwa hewani bila kuuliza itakuwaje wote wakitaka kuingia kwa dakika moja.

Marekebisho yalikuwa madogo, na hilo ndilo linalouma zaidi. Kila laini ikapewa anwani yake ya kudumu, isiyogawiwa mwingine. Kikao kisichotoa taarifa ya kwamba bado kipo kwa muda uliopangwa kikawa kinafutwa chenyewe kwenye orodha. Kifaa kinachokataliwa kikaambiwa kisubiri muda wa kubahatisha, na kila kikikataliwa tena kisubiri mara mbili ya hapo. Seva ya pili ikawekwa mji mwingine. Na kimya cha kifaa chenyewe kikageuzwa kuwa tahadhari: kipimajoto kisiposikika kwa dakika 30, meneja anaamshwa vilevile.

Kwa hiyo Jumatatu chumba cha majaribio tutakizima chote, swichi kuu, vifaa vyote, seva pia. Mradi usiorudi wenyewe hauendi kwa mteja. Sitabishana na mtu juu ya hili.

5. Fungeni laini na kifaa chake.

Laini ya traka ya boda, kile kifaa kinachoonyesha ilipo, ikiwa wazi, wiki haiishi itakuwa kwenye simu ya mtu inaonyesha mpira. Ifungwe kwa IMEI, namba ya utambulisho ya kifaa, na iruhusiwe APN yake tu.

6. Mpakani, angalieni tarakimu tatu za kwanza.

Namba ya utambulisho iliyo ndani ya laini zetu (IMSI, si namba ya kupiga) inaanza na 639, mtandao wa Uganda unajitangaza kwa 641. Kule Busia na Malaba kifaa kilichofungwa ukutani kinaweza kushika mnara wa ng'ambo kwa sababu tu una nguvu zaidi, halafu kinakataliwa, au mteja anapata bili ya kigeni bila kuvuka barabara. Kifaa kisichohama kiamriwe mtandao wake.

7. "Bure" ni ahadi ya kiufundi.

Mnapoandika kwamba tovuti ya shule itafunguka bila salio, kumbukeni picha, video na fonti zake (maumbo ya herufi) hutoka kwa seva nyingine nyingi. Mtoto ataona ukurasa nusu na salio lake likiliwa. Orodhesheni kila seva ambayo ukurasa unaita, na mrudie kila tovuti inapobadilishwa.

8. Teknolojia nzuri peke yake haidumu.

Wengine wenu mlikuwa shule ya upili mwaka 2020, lakini huenda mnakumbuka mabaluni ya Loon. Kuanzia Julai mwaka huo, kwa ushirikiano na Telkom Kenya, mabaluni yaliyoelea kama kilomita 20 juu yalirusha 4G kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, Kisumu, Kakamega na Nakuru zikiwemo. Mnara kutoka angani, wadogo zangu, na ulifanya kazi. Mwanzoni mwa 2021 ukafungwa, kwa sababu gharama haikushuka kiasi cha kuufanya ujilipe. Ninauheshimu mradi ule sana, na naurudia kwa kila anayeniletea mchoro mzuri usio na ukurasa wa mapato: nani analipa, kila lini, na kwa nini aendelee kulipa mwaka wa tatu?

9. Antena nje ya sanduku la chuma. Kila mara.

10. Jueni nani ana ufunguo.

Kila kituo kiwe na jina la mtu na namba mbili za simu, yake na ya jirani yake, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango na kwenye mfumo wetu. Mmewahi kuendesha gari hadi Mbita, mkafika kwenye kibanda kilichofungwa, mwenye ufunguo yuko ziwani anavua? Hakuna amri ya mbali inayofungua kufuli. Karatasi hizo nataka kuziona kabla laini ya kwanza haijawashwa.