Barua kwa mwanangu: kuhusu ile Zaburi ya 91

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako niliusoma alfajiri, na sikutaka kukujibu mbio mbio kwenye simu. Umeniuliza: mwenzako wa kwaya alikuwa akisoma Zaburi ya 91 kila asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki, mbona trela likamuua pale Changamwe? Mungu alikuwa wapi?

Mungu hakulala, mwanangu. Lakini hakuna mahali alipotuahidi kwamba mfuasi wa Yesu hatazikwa akiwa kijana. Soma Matendo ya Mitume sura ya 12. Herode anamuua Yakobo kwa upanga, kisha anamkamata Petro. Kanisa linaomba, malaika anaingia gerezani usiku, minyororo inamwanguka Petro mikononi. Bwana ni yule yule, kanisa ni lile lile, na habari zao zimefuatana. Luka haelezi kwa nini huyu alikufa na huyu akatoka, nami sitajifanya najua. Ninachokataa ni kusema kwamba Yakobo alipungukiwa na imani.

Na hiyo Zaburi yenyewe, wengi wetu huishia pale pa "Mabaya hayatakupata wewe." Endelea hadi mstari wa 15: "Nitakuwa pamoja naye taabuni." Basi taabu imo humo humo ndani ya ahadi, na Mungu yumo pamoja nasi.

Hata hapa kwetu, upande wa Nyali, liko kaburi la Rosina Krapf. Yeye na mumewe, Ludwig Krapf, walifika Mombasa mwaka 1844, wamekuja kuhubiri Injili. Julai mwaka huo huo Rosina akafa kwa homa, na mtoto wao wa kike, mchanga wa siku chache tu, akamfuata. Krapf naye alikuwa mgonjwa. Angeweza kupanda jahazi akaondoka, na nani angemlaumu? Alibaki, na mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake, Rebmann, wakaanza kazi kule Rabai. Humkumbuka kila nikisikia mhubiri akisema mwenye imani hafikwi na msiba. Maneno hayo huniuma sana, maana humfanya mama aliyefiwa ajione kama amemkosea Mungu.

Lingine, na hili lisikie kama amri ya mamako. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye matatu, nikakuona Kibarani umebanana na matrela ya bandarini, helmeti umeitundika kwenye kioo cha pembeni. Aliyemnukulia Yesu Zaburi hii juu ya kinara cha hekalu, akimwambia ajitupe chini, alikuwa Ibilisi. Yesu alimtumaini Baba yake kuliko sisi sote, na hakujitupa. Omba asubuhi, kisha vaa helmeti, uifunge kidevuni, na ukiona dereva wa trela hajakuona, mpishe.

Jumamosi njoo mapema twende kwa mama wa marehemu. Nitapika mahamri na mbaazi tumpelekee. Usijitaabishe kutafuta la kumwambia, na akilia mwache alie. Akitaka kuombewa, wewe ndiye utakayeomba, maana mwanawe mlikuwa mkiimba bega kwa bega.

Nakupenda sana.

Mamako