Fundi Anajibu: Oili ya Dukani Itaua Injini?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio, na gari letu ni Toyota Sienna ya 2015. Walmart wana oili yao ya SuperTech, sinthetiki kamili, bei ya chini kuliko Mobil 1. Shemeji anasema nikiitia, injini haitafika mwakani. Ni kweli?
Mama Watatu

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie shemeji ageuze dumu asome nyuma. Tafuta duara dogo la API (taasisi ya mafuta ya Marekani inayoweka viwango vya oili) lenye maandishi 'SP' au daraja jipya zaidi juu, ndilo daraja la ubora, na '0W-20' katikati, ndio wepesi wa oili. Sienna yako inataka 0W-20, na huo muhuri maana yake oili imefaulu vipimo vilevile wanavyofaulu hao wenye matangazo. Nembo ya mbele haimhusu pistoni.

Mimi mwenyewe natia oili ya Kirkland, ya duka la Costco, kwenye gari la mke wangu, na huyo mwanamke ana kelele kitu kikiharibika. Hajasema neno.

Ila dumu moja la kwati 5 halitakutosha. Injini yako ya V6 inameza kama kwati 6.4 ukibadilisha na chujio. Nunua na chupa za ziada. Usibane pesa kwenye chujio. Toyota wanaruhusu maili 10,000 au mwaka mmoja kabla ya kubadilisha oili, lakini kwa safari fupifupi za shule kwenye baridi ya Ohio, mimi ningemwaga kila maili 5,000. Na kijiti cha oili kichomoe kila mwezi uangalie kiwango, gari likiwa limesimama tambarare.