Makubaliano ya majaribio si oda

Ndugu, unauliza kama hisa za kampuni ya grafini (tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja) zitapaa kwa sababu imetangaza makubaliano na kiwanda cha matairi. Hayo ni majaribio tu, bado hakuna oda. Grafini yenyewe si porojo: wanafizikia Geim na Novoselov waliitenga Manchester mwaka 2004 kwa kubandua grafiti (kaboni ya penseli) kwa utepe wa gundi, wakapata Nobel 2010. Kazi ni kuizalisha kwa wingi, ubora uleule kila mzigo, kwa bei ambayo mteja ataikubali. Mimi huruka matangazo (yote yanasisimua!) nikafungua hesabu: je, wateja wanarudi kununua? Fedha taslimu ilizonazo kampuni zitatosha miezi mingapi? Zikikaribia kuisha watatoa hisa mpya, na fungu lako litapungua hata kama teknolojia inafanya kazi.