Kunyooshwa Shingo kwa Ajili ya Kipandauso

Kila anayejua kwamba ninaishi na kipandauso hakosi kuniuliza kama nimewahi kunyooshwa pingili za shingo. Nimewahi, kwa tabibu aliyesomea kazi hiyo, na jibu langu huwa refu kuliko muulizaji anavyotarajia.

Tiba hiyo, kairopraktiki, ilianzishwa na D. D. Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895. Tabibu huitafuta pingili kwa vidole, kisha huisukuma ghafla, kwa kishindo kifupi, mpaka kiungo kilie. Mlio huo hutokana na gesi iliyomo katika ute wa kiungo, wala si mfupa uliohama kurudi mahali pake. Hata hivyo, shingo haikusingiziwa bure: mishipa ya fahamu ya sehemu yake ya juu hukutana, ndani ya shina la ubongo, na ile inayoleta maumivu ya uso na kichwa. Ndiyo maana wengi wetu hukazwa shingo kabla kichwa hakijaanza kugonga, ingawa mara nyingi kukazwa huko ni sehemu ya shambulio lenyewe, si chanzo chake.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Norway uliowagawa wagonjwa 104 katika makundi matatu. Kundi moja lilinyooshwa uti wa mgongo mara 12 ndani ya miezi mitatu. La pili lilifanyiwa maigizo, likisukumwa pembeni mwa bega au kwenye makalio. La tatu liliendelea na dawa zake. Siku za maumivu zilipungua kwa wote. Baadaye wale wa dawa walirudi walikokuwa, ilhali makundi mengine mawili yalibaki na nafuu, na kati ya aliyenyooshwa kweli na aliyeigiziwa haikuonekana tofauti. Kwangu nafuu ilikuwa ndogo zaidi: shingo ililegea, usiku ule nililala vizuri, lakini mashambulizi yaliendelea kuja kama kawaida.

Ukitaka kujaribu, mwombe tabibu akukande na kukunyoosha polepole, bila kishindo. Msokoto wa ghafla unaweza, kwa nadra, kuchana ukuta wa mshipa wa damu wa shingoni na kuleta kiharusi. Kwa hiyo kinyozi anayemaliza kunyoa, akashika kidevu na kisogo tayari kuvunja shingo, mimi humzuia mkono mapema. Ni ukarimu wa saluni nisiouhitaji.

Andika pia tarehe za mashambulizi na za vidonge. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda anaumwa kichwa kwa sababu ya dawa hizo, na hilo halinyoosheki. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya kinga, kama propranolol.

Maumivu yakikujia ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, au yakiandamana na homa na shingo ngumu, kulegea upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, nenda hospitali saa hiyohiyo, wala usimruhusu mtu aiguse shingo yako.