Safu ya Mshipi: Nimenunua fimbo, mbona samaki hawali?

Toleo lililopita niligusia kuvua na chambo bandia (vichuma au samaki wa mpira badala ya chambo cha kweli) ukiwa umesimama ufukweni, bila boti, na fimbo nyepesi tu mkononi. Maswali yaliyokuja ni mengi, nimechukua matano na la kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu karibu kila mtu anaanguka hapo hapo.

SWALI: Shikamoo mzee. Mi nakaa Kigamboni, nimejichanga nikanunua fimbo ya futi 8, rili ya kuzungushia mshipi na vile vichuma vinavyong'aa. Kila jumamosi nakunywa chai zangu nateremka ufukweni saa nne narusha mpaka saa saba, leo wiki ya tano sijapata hata mmoja. Jirani yangu ana mshipi wa kopo tu na kila siku anarudi na kolekole. Ninunue chuma kikubwa zaidi au nibadilishe fimbo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue kitu chochote, fimbo yako iko sawa na vichuma viko sawa, tatizo ni saa nne. Hebu nikwambie kitu ambacho jirani yako anakijua bila kukifikiria. Pwani yetu hii, siku za bamvua, yani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanakupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kwa hiyo jumamosi ikiangukia bamvua wewe unafika ufukweni bahari imeshaondoka, unarushia kwenye maji ya magoti yaliyojaa majani na samaki wote wametoka nje ya mwamba. Jumamosi inayofuata ni maji mafu, yani siku ambazo kujaa na kukupwa hakutofautiani sana, hapo saa nne ukifika utakuta bahari imejaa vizuri unafurahi, lakini hayo maji yamelala, hayaendi kokote, na maji yasiyotembea hayaleti dagaa na pasipo dagaa kolekole anafuata nini? Umeona, saa hiyo hiyo inakunyima mara mbili.

Sasa fanya hivi. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, so ukihesabu kutoka saa kumi ya bamvua utaona siku ya 3 na ya 4 tangu mwezi kuandama, halafu tena siku ya 17 na ya 18, maji yanajaa kwenye saa kumi na moja unusu kwenda saa kumi na mbili, jioni na alfajiri pia. Hizo ndo siku za kukaa nazo, kwa sababu maji bado yana nguvu na jua linazama au linatoka wakati huo huo. Nenda dakika 90 kabla maji hayajajaa, rusha mpaka yaanze kurudi. Mi siku hizo naomba ruhusa kazini mapema kabisa sifichi.

Ukifika usirushe kwanza. Simama dakika kumi uangalie. Ukiona simu, wale samaki wadogo jamii ya dagaa, wanaruka juu ya maji kama mtu amemwaga konzi ya mchele, au ndege membe wanapiga mbizi sehemu moja, chuma kiende pembeni ya pale, sio katikati, ukirusha katikati unawatawanya. Kama huoni kitu tafuta mahali maji yanapobadilika rangi, mlango wa mwamba, mdomo wa mto, ukingo wa jiwe ambapo povu linazunguka. Samaki anayewinda anapenda kukaa kwenye ukingo.

Kuhusu ukubwa, shika chuma cha gramu 10 mpaka 20 chenye urefu wa kidole, kwa sababu dagaa wanaosogea karibu na nchi ndo saizi hiyo, ukiweka kitu kama kijiko cha kupakulia wali hata wakikiona hawakitambui kama chakula. Rusha, acha kizame ukihesabu mpaka tano, kisha zungusha haraka mara nne tano, simama kidogo, zungusha tena. Pale unaposimama ndo anagonga, utasikia kama mtu amegonga fimbo na kifundo cha kidole halafu rili inaanza kulia. Breki ya rili iwe imelegea kiasi kwamba ukivuta mshipi kwa mkono unatoka lakini kwa shida kidogo. Usiikaze wakati samaki anakimbia, muache akimbie, bahari ni yake, akichoka atarudi. Na kolekole wa kilo moja tu kwenye mshipi mwembamba utadhani umeshika punda.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi niko Mombasa, fimbo na rili bei yake siiwezi kwa sasa. Naweza kuanza bila hivyo vitu?

JIBU: Unaweza tena vizuri. Chukua kopo au chupa ngumu, zungushia mshipi wa kawaida mita 60 hivi wa ratili 20 (yani unaohimili uzito huo bila kukatika), mwisho wake funga kijiko cha gramu 25 mpaka 30 chenye ndoana. Unashika kopo mkono mmoja mdomo ukielekea baharini, mkono mwingine unazungusha kijiko pembeni yako mara mbili tatu unakiachia, mshipi unatoka wenyewe. Kuvuta unavuta kwa mikono harakaharaka huku ukidondosha mshipi kwenye mchanga safi au kwenye ndoo. Angalia nyuma yako kabla ya kuzungusha tafadhali, ndoana haimjui mtoto wa mtu. Babu yangu alikuwa anafunga manyoya meupe ya kuku juu ya ndoana na kipande cha risasi na alikuwa analeta samaki nyumbani, nakumbuka kuku jogoo wetu mmoja mkia wake uliisha kabisa.

Tena hizi rapala, vile visamaki bandia ambavyo vinauzwa ghali, ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1936 Finland na mvuvi Lauri Rapala, aliichonga mwenyewe kwa gamba la mti na akaivika karatasi za kung'aa za chokoleti. Mtu aliyetaka kulisha familia yake alikaa akaangalia samaki mdogo aliyejeruhiwa anaogeleaje, akachonga. Kwa hiyo kijiko cha chai kilichokatwa mkia na kutobolewa matundu mawili ni chambo kamili, wala usione haya nacho.

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Niko Tanga, mawe yamenimalizia chambo, kila nikirusha mara tatu moja inanasa. Pia mara mbili mshipi umekatwa safi kama kwa wembe na sikuona nani. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Mambo mawili tofauti hayo. La mawe, toa zile ndoana za matawi matatu zilizokuja na chambo uweke ndoana moja moja, na kwenye chuma iweke upande wa juu sio mkiani. Au tumia samaki wa mpira ambaye ncha ya ndoana imefichwa mgongoni mwake, huyo anapita juu ya mwamba kama hamna kitu. Chambo kikigusa maji anza kuzungusha hapo hapo na fimbo iwe juu, usisubiri kizame kama nilivyomwambia mwenzio wa Kigamboni, kwake chini ni mchanga. Kikinasa usiviringishe uzi mkononi kuuvuta, uzi wa kusuka unakata nyama mpaka mfupa, viringisha kwenye kipande cha mti ndo uvute.

La kukatwa, huyo ni mzia au mtumbuu. Mwisho wa uzi wako wa kusuka unga mshipi mnene wa ratili 30 urefu wa mita moja, na kama wapo wengi ongeza waya mwembamba wa sentimita 15 karibu na chambo. Waya unapunguza kugongwa kidogo lakini bora hivyo kuliko kumuachia samaki ndoana mdomoni. Na mtumbuu ukimvuta usiku usielekeze taa kwake, anaruka kufuata mwanga na mdomo wake ni sindano, imeshatokea watu kuchomwa vibaya.

SWALI: Kilifi hapa. Samaki wangu wa mpira anakatwa mkia vipande vya nusu duara na sisikii hata kugongwa. Nani huyu?

JIBU: Bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira. Hama hapo mita hamsini. Na ukimpata kwa bahati mbaya mrudishe majini, usimpeleke nyumbani hata mtu akikwambia anajua kumsafisha, sumu yake haiondoki kwa kupika wala kukaanga na inaua. Mwingine wa kuogopa ni hongwe, kambare wa baharini, mshike kwa koleo, miiba yake mitatu ina sumu, ikikuchoma tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia halafu nenda hospitali.

SWALI: Je naweza kwenda kurusha Mbudya au Bongoyo, vile visiwa vya Dar? Nimeona maji yake mazuri sana.

JIBU: Hapana. Hivyo ni visiwa vya hifadhi ya bahari tangu 1975, uvuvi umekatazwa. Samaki wanaokua kule ndo wanaotoka wanakuja mpaka kwenye chuma chako huku nchi kavu, waache wakue. Na hata ukiwa nje ya hifadhi, kabla ya kuanza pita ofisi ya uvuvi ya eneo lako au kwa BMU, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa ufukwe, uulize habari ya leseni, utakuta pale wazee wanaojua kila jiwe na ukisalimia vizuri watakuonyesha mlango wa kolekole uko wapi.