Maswali na majibu: jaribu kwa mbao na katoni kabla hujawasha mashine ya kuchomelea

*Nimechomelea mashine tatu za kupukuchua mahindi. Wateja wanazirudisha, wanasema kuzungusha kunachosha. Nibadilishe gia? (Kibuye, Kisumu)*

Achana na gia kwanza, maana hujajua kinachochosha ni kimo cha ekseli, urefu wa mkono wa kuzungushia au meno. Chuma cha mashine tatu kimekwenda kabla ya jaribio hata moja la mbao! Unda stendi ya mbao, toboa matundu kila sentimita 5 kuanzia sentimita 70 hadi 110 kutoka chini, ufunge ekseli kwa bolti ili ihamishike. Mkono wa kuzungushia utoboe kwenye sentimita 15, 20, 25 na 30. Badala ya mahindi, zungushia ekseli mkanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, uukaze hadi uzito ukaribiane. Mwite mama atakayeitumia azungushe dakika tano kila kimo, nawe unyamaze, usimwelekeze. Kimo kikipatikana ndipo uguse mkono. Ukivibadilisha pamoja hutajua kipi kimesaidia. Vipimo viandike kwenye mbao zenyewe.

*Ninunue printa gani ya 3D, ile inayounda vitu vya plastiki? (Nakuru)*

Swali hili haliishi. Kama wazo lako halijasimama kwa katoni na gundi, usinunue yoyote.

*Kifuniko nilichoprinti kwa plastiki ya PLA kimepinda ndani ya gari, tena bolti ya milimita 6 haiingii. (Kakamega)*

PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na dashibodi ya gari lililofungwa juani hufika huko. Tumia PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi. Matundu ya printa hutoka madogo: chora milimita 6.4, au pitisha drili. Na usiprinti kifuniko kizima ili kujaribu tundu. Kata kwenye programu kipande chenye tundu tu.

*Kikaushio kidogo cha omena kilifanya kazi. Nimekijenga mara mbili kila upande, omena wanaoza. (Mbita)*

Eneo linalopokea jua limeongezeka mara 4, lakini ukijaza trei hadi juu, samaki wameongezeka mara 8. Kila kilo inapata nusu ya joto, na unyevu una njia ndefu ya kutokea. Mfano mdogo hukuonyesha umbo. Joto na hewa haukuonyeshi. Tengeneza trei moja ya ukubwa halisi, weka omena wa kweli, uipime kwa mizani kila saa. Uzito ukiacha kushuka, ongeza trei ya pili uone kama ya kwanza inachelewa. Wenye ukungu usiwauze, hata kwa bei ya hasara.

*Nyumbani wote wamesifu stuli yangu. Nianze kuuza? (Busia)*

Bado. Ipeleke kwenye kibanda cha chai ikaliwe wiki nzima, kisha igeuze uangalie viungo.